Osama ameingia uchagani: nitie dawa au ninunue mifuko?

MamaWaKakoneni
Hamjambo wakulima wenzangu. Niko Kakoneni, Malindi. Masika ya safari hii yametufaa, mahindi nimevuna mwezi wa nane na nimeyapandisha uchagani juu ya meko na maganda yake, kama alivyokuwa akifanya mamangu. Sasa kila asubuhi nakuta unga umemwagika kwenye mafiga. Nimeshusha hindi moja nikaligonga kwenye sinia, vikatoka vidudu vyeusi vyembamba, kichwa kimefichwa chini. Jirani asema ni mdudu waitwaye Osama. Mamangu alipanda mengawa, mahindi ya kienyeji, mimi nimepanda mbegu ya dukani, lakini moshi ni ule ule na uchaga ni ule ule. Mwenye duka la dawa anishauri dawa ya unga, shemeji yangu anishauri mifuko ya tabaka tatu, ambayo bei yake si ya gunia la kawaida. Nifuate lipi? Nyumba ina watoto wadogo.

KijanaWaGanda
Tia dawa, mama, usijisumbue. Mimi huinyunyiza juu kwa juu, maganda na yote.

MsagajiGede
Dada, jirani yako amesema kweli, huyo ni Osama. Fukusi tuliyemzoea ana pua ndefu. Huyu hana, na sehemu kubwa ya anachochimba hata hali, aimwaga tu. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970, na hapa Kenya akaingilia Taveta mwaka 1983. Mamako alipojifunza kuweka mahindi mdudu huyu hakuwako, kwa hivyo usiulaumu moshi. Mengawa nayo ina punje ngumu na ganda lililofunga hadi nchani.

La kwanza, shusha yote uyapukuchue. Osama apenda hindi zima kwa sababu punje zimeshikwa na gunzi, apata pa kujiegemeza akichimba. Punje zikiwa huru zamsumbua.

Ukichagua dawa, soma pakiti. Ziwemo sumu mbili: pirimifosi-methili ni ya fukusi, Osama haimtishi sana, permethrini ndiyo yake. Gramu 50 kwa gunia la kilo 90, zichanganywe na punje kwa koleo juu ya turubai. Wewe kijana wa Ganda, ukinyunyiza juu ya maganda dawa yabaki nje na mdudu yuko ndani anaendelea na kazi.

Mimi, kwa nyumba yenye watoto, ningenunua mifuko. Ni mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Waliibuni watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde kule Kameruni, baadaye ikaonekana yafaa mahindi pia. Haina dawa yoyote. Wafunga kila tabaka peke yake baada ya kuitoa hewa kwa mikono, wadudu waimaliza oksijeni iliyobaki, waacha kula, wafa.

Ila mfuko haukaushi mahindi, na hapa ndipo sisi wa pwani tunapoumia. Maelekezo mengi yameandikwa kama kwamba sote twaishi Eldoret, mbali na unyevu wa bahari. Hapa kinuni naletewa magunia ambayo ukiyafungua joto lakupiga usoni, na mwenyewe aapa yamekauka kwa kuwa ameyatafuna yakalia "ka!" Meno si kipimo. Unyevu uwe chini ya asilimia 13.5. Ukifungia mahindi mabichi, wadudu watakufa lakini ukungu utakaribishwa, na ukungu wa Aspergillus ndio wenye sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kusaga wala kwa kupika ugali. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Ukambani na sehemu za jirani, na mengi yalikuwa mahindi ya shamba lao wenyewe.

Kama huna mashine ya kupimia, chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi, tikisa sana, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, rudisha turubaini. Isipoganda, bado anika siku moja mbili za jua kali, maana 15 si 13.5.

MamaWaKakoneni
Ahsante sana kaka. Lakini chumvi ya kwangu yenyewe ni maji, mtungi huutia mchele ndani ndipo ichoteke!

MsagajiGede
Ikaange kwenye sufuria kavu hadi imwagike yenyewe, ipoe, ndipo uipimie. Usipofanya hivyo itaganda tu hata kama mahindi yamekauka, nawe utaanika mpaka kaskazi ianze.

BiMpeketoni
Naongeza kutoka huku Lamu. Dada, hiyo miti ya uchaga iangalie. Osama huishi ndani ya mbao, na makopa ya muhogo ayapenda vile vile. Ukitoa mahindi ukayaacha makopa kule juu, umemwachia posho ya kungojea mavuno yajayo. Choma maganda na magunzi yote, miti iliyotobolewa ibadilishe. Na mifuko usiiweke sakafuni wala kuiegemeza ukutani: panya akitoboa plastiki, hewa yaingia na pesa yako imekwenda. Osama naye aweza kuitoboa, kwa hivyo usiingize mahindi ambayo tayari yamejaa wadudu. Yapepete kwanza, uyaanike.

MamaWaKakoneni
Nimewafahamu. Leo twapukuchua, watoto wote wako turubaini. Yaliyoshika ukungu tumeyatenga, yafika kama nusu debe. Niwape kuku?

BiMpeketoni
Usiwape. Kuku nao hudhurika, na ukimpa ng'ombe sumu yaingia kwenye maziwa. Fukia.