Mrejesho: ule utando wa kahawia kwenye michungwa

Wakuu, salaam. Niliomba ushauri kuhusu utando wa kahawia, laini kama mahameli, uliofunika matawi ya michungwa yetu hapa Muheza. Wengi mlisema ng'oa, choma moto.

Bwana shamba kafika. Akabandua kipande kwa ncha ya kisu: gome la chini zima, ukilikwangua kidogo ni kijani kabisa. Upande wa ndani wa utando kuna vijishimo na vijinjia, na humo wadudu gamba wamejibana, wadogo mno. Kumbe ni kuvu wa jamii ya Septobasidium. Kuvu huyo hauli mti wenyewe. Huwanyonya baadhi ya wale wadudu, waliobaki anawapa hifadhi, nao ndio wanaofyonza utomvu wa mchungwa. Biashara ya ajabu hiyo!

Kwa hiyo hakuna kung'oa. Matawi yaliyokauka tumekata, mengine tumesugua kwa brashi ngumu, kisha tukapuliza mafuta ya kuulia wadudu gamba jioni, jua likiwa limepoa. Mti mmoja utando umeanza kurudi upande wa kivulini. Huo nitaupunguzia matawi, hewa ipite. Aliyeshauri chokaa, uniwie radhi mkuu, sikuijaribu.