Tupeane uzoefu: mliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, njooni tusimuliane yaliyofuata

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu. Jambo hili nimekaa nalo miezi 14, leo naona niliweke mezani. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, huu wa kukata sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo na kubakiza mrija mwembamba mfano wa ndizi. Wengi tunauita slivu. Kabla ya kuingia nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu siku yenyewe: matundu madogo, kamera, kwamba wanaondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, na kwamba upande unaoondolewa ndio unaotoa kwa wingi homoni ya njaa. Siku ya upasuaji niliijua vizuri. Miezi ya baadaye sikuijua hata kidogo.

Naomba uzi huu uwe wa hiyo miezi. Kilo tuzitaje kwa kupita tu, maana hizo kila mtu anaziuliza.

Naanza mimi. Niliingia na kilo 131, BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) 46, nina kisukari cha vidonge asubuhi na jioni, na usingizi wa kukata pumzi kiasi kwamba dada yangu, tulipolala chumba kimoja safarini, aliniamsha huku analia. Wiki 2 kabla ya upasuaji niliwekwa kwenye vimiminika vya protini tu. Sababu yake wengi hawaelezwi: ini la mtu mwenye uzito mkubwa huwa limejaa mafuta na limelalia tumbo. Usipolipunguza, daktari hapati nafasi ya kufanya kazi. Njaa ya wiki zile mbili ilikuwa kali kuliko maumivu yote yaliyokuja baadaye, nasema hivi ili anayejiandaa asijione dhaifu.

Nilipozinduka kwenye nusukaputi, kilichoniuma zaidi kilikuwa bega. Nilidhani nimelalia vibaya. Muuguzi akaniambia ni gesi waliyojaza tumboni ili waone vizuri, inasumbua msuli wa pumzi na maumivu yanatokea begani. Jioni ileile akanisimamisha. Nikatembea kwenye korido nimeshika kile chuma cha dripu, soksi za kubana miguuni, hatua kumi, napumzika, hatua kumi tena. Kutembea kule hakukuwa kwa ajili ya gesi peke yake. Damu ya mtu aliyelala tu baada ya upasuaji huweza kuganda miguuni, na bonge likipanda mapafuni linaua.

Kesho yake nikapewa kikombe kidogo cha dawa, mililita 30 za maji. Nilichukua robo saa kukimaliza, na kila funda nililisikia likishuka mpaka mwisho wake.

Nyumbani ngazi zilikuwa hizi: vimiminika, halafu vilivyosagwa laini, halafu vyakula laini, na chakula cha kawaida kuanzia kama wiki ya 8. Wiki ya 6 niliruhusiwa yai laini. Nilikaa mezani na simu mkononi, nikameza tonge la pili kabla la kwanza halijashuka. Kifua kikaziba, kama mtu kanikandamiza ngumi katikati ya mbavu. Mate yakaanza kujaa mdomoni, mazito, yanavutika kama ute. Nikasimama kwenye sinki dakika 20 nikitema, machozi yananitoka, mpaka tonge likarudi jinsi lilivyoingia. Tangu siku hiyo simu haiji mezani kwangu.

Nyingine nazipitia haraka. Wiki ya 3 mzani uligoma kabisa, nikadhani upasuaji umeshindikana, kumbe wengi hupitia hapo. Mwezi wa 4 nywele zilikatika zikajaa kitana, mwezi wa 9 zikaota upya. Dawa za kisukari daktari alizipunguza mapema sana, ndani ya wiki chache. Nasisitiza, daktari. Msijipunguzie wenyewe.

Jambo moja hakuna aliyeniandaa nalo: huzuni. Nililia mwezi mzima. Chakula kilikuwa rafiki yangu wa jioni tangu utotoni, na kiliondoka siku moja bila kuniaga. Kama kuna mwenzangu aliyepitia hili, tafadhali aseme.

Mama wawili

Asante dada kwa kufungua uzi. Hiyo huzuni naijua. Mimi ilinikuta kwenye sherehe, watu wanakula wanacheka, nami nimeshika sahani nisijue mikono niipeleke wapi.

Mimi ni wa baipasi, mwaka wa 6 sasa. Kwetu sisi wanatenga kifuko kidogo juu ya tumbo, kama mililita 30, wanakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, kwa hiyo chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Ndiyo maana kitu kitamu kwetu ni hatari ya aina yake. Mwezi wa 3 nilikunywa glasi nzima ya juisi kwa sababu nilikuwa na kiu. Dakika 15 hazikufika: moyo unapiga mbio, jasho la baridi, tumbo linasokota, nikalala sakafuni jikoni kwa sababu sakafu ilikuwa baridi. Mtoto wangu mdogo akaja akalala pembeni yangu akidhani tunacheza. Ile sukari inashuka kwenye utumbo kwa pupa, na mwili unamwaga maji kuifuata. Wengine huwapata tena saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu inaporomoka, wanatetemeka.

Lakini nilichokujia hapa ni vitamini. Ndugu zangu, vitamini ni za maisha. Mwaka wa pili nilijiona nimepona, nikaacha. Hakuna kilichotokea. Miezi ikapita, hakuna kilichotokea. Halafu nyayo zikaanza kuwaka, vidole vikawa kama vimevaa soksi nene, ngazi moja nahema. Vipimo vikaonyesha B12 imeisha na damu imepungua kwa kukosa madini ya chuma. Mwili huwa na akiba ya B12 ya muda mrefu, kwa hiyo unaacha leo, adhabu inakuja baadaye sana, na unakuwa umesahau kosa lenyewe. Sasa nachoma sindano ya B12 na nameza chuma na kalsiamu kwa nyakati tofauti, maana zikienda pamoja kalsiamu inazuia chuma kufyonzwa. Ganzi ya vidole viwili vya mguu wa kushoto haijaondoka mpaka leo.

Na dawa za maumivu jamii ya ibuprofeni sisi wa baipasi tumekatazwa, zinaleta vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Kila duka la dawa ninaloingia nasema kwanza nimefanyiwa nini, ndipo naeleza shida yangu.

Fundi

Mwezi wa 7 nilipata mawe kwenye nyongo. Maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, yanakuja usiku baada ya chakula chenye mafuta. Nikaambiwa ukipungua haraka hiyo ni kawaida kutokea. Nikatolewa nyongo, nikapona. Ulizeni mapema kama kuna dawa ya kuzuia, mimi sikuuliza.

Nimerudi

Wakuu, niliandika na kufuta mara tatu. Mimi ni yule ambaye uzito ulirudi.

Slivu, miaka 5. Nilitoka kilo 148 nikafika 92 mwaka wa kwanza na nusu. Leo nina 117. Sikuwahi kurudi kwenye sahani kubwa, mwili haukubali. Kilichonirudisha ni kumung'unya. Biskuti mbili saa nne, karanga mkononi nikiwa kazini, aiskrimu usiku kwa sababu inateleza na haikwami. Vitu laini na vitamu havikutani na kizuizi chochote, vinapita. Tumbo dogo linakuzuia kula kingi kwa mkupuo, halikuzuii kula kutwa nzima.

Na pombe. Naitaja kwa sababu watu wanainyamazia. Baada ya upasuaji inapanda kichwani upesi na kwa kiasi kidogo. Nilipokosa faraja ya chakula, niliegemea huko karibu mwaka mzima. Sikujua kwamba hiyo ni njia inayojulikana na madaktari; ningeambiwa, ningejilinda.

Kilichoniumiza ni kukwepa kliniki. Kila tarehe ilipofika nilisingizia kazi. Niliona aibu kupanda mzani mbele ya muuguzi aliyenipigia makofi nilipofika 92. Miaka 2 nimekwepa. Mwaka huu nikaenda, nikajiandaa kutukanwa. Mtaalamu wa lishe akasoma faili, akaniuliza, "Unalala vizuri siku hizi?" Nikashindwa kujibu, nikalia pale kwenye kiti. Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali lisilo la kilo kwa miaka.

Sasa naonana na mshauri wa saikolojia kila wiki mbili, pombe nimeacha miezi 8, kilo 4 zimeshuka. Mnaopungua vizuri, msituone wazembe. Na mnaorudi kama mimi, kliniki hawamli mtu.

Nasubiri tarehe

Kaka Nimerudi, nimesoma maneno yako nikiwa kwenye basi, nimetoa leso. Mungu akutie nguvu.

Mimi nimepangiwa wiki 5 zijazo. Nina maswali mawili. Dalili gani nikiiona nisisubiri asubuhi? Na la pili, mama mkwe na mashemeji wanasema nimechagua njia ya mkato. Mliwajibu nini?

Mwanzisha uzi

La kwanza, dada, liandike kwenye karatasi ulibandike ukutani, na mtu unayeishi naye alisome. Moyo kwenda mbio ukiwa umepumzika, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, pumzi kukatika, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu. Yoyote kati ya hizo, unaenda hospitali muda huohuo. Mshono wa tumbo ukivuja, mapigo ya moyo yanaweza kuwa ndiyo yanayotangulia kukwambia. Kutapika mfululizo nako usikuvumilie: ukikaa siku kadhaa hakuna kinachobaki tumboni, vitamini B1 inaisha, na hiyo inagusa ubongo.

Na kama bado uko kwenye umri wa kuzaa, zungumza na daktari kuhusu uzazi wa mpango kabla hujaingia. Tunashauriwa tusishike mimba miezi 12 hadi 18 ya mwanzo, na wakati huohuo uzazi unaamka mwili unapopungua, halafu vidonge vya kumeza huenda visifyonzwe vizuri, hasa kwa wa baipasi. Mwenzangu mmoja wa wodini alishika ujauzito mwezi wa 5.

La mashemeji, mimi nilichelewa sana kupata jibu. Nilikuwa najieleza, natoa takwimu, natetemeka. Mwisho nikawaambia, huu ni mwili wangu na daktari wangu, karibuni tule. Nikakaa nao nikala vijiko vyangu vitano taratibu.

Mume wa mtu

Mimi sikufanyiwa, alifanyiwa mke wangu. Nichangie upande wetu tunaouguza.

Nilidhani kumpenda ni kumwambia "ongeza kidogo". Nilimwambia hivyo mezani siku nyingi, na kila siku aliongeza kidogo, akaenda kutapika ameufunga mlango ili nisisikie. Nilikuja kusikia. Siku hizi chakula nampakulia kwenye sahani ya watoto, protini kwanza, maji nayaondoa mezani mpaka nusu saa ipite, na nimejifunza kula polepole ili asimalize peke yake nyuma ya wote. Kwa kweli na mimi nimepungua.

Ngozi imelegea tumboni na mikononi, anaificha hata kwangu. Hilo bado tunalitafutia maneno.

Nasubiri tarehe

Wakuu, nimerudi kwenye uzi. Nimefanyiwa jana asubuhi. Bega linauma kama mlivyosema, ila nilikuwa nalijua, sikuogopa. Kikombe cha kwanza nimekimaliza dakika 18. Muuguzi yuko mlangoni na soksi mkononi, ananisubiri tukatembee.