Matone ya damu yaliyokaushwa kwenye kioo: yanaonyesha nini hasa?

Mama Zuhura, Houston
Habari zenu ndugu. Dada yangu mkubwa, miaka 46, tunaishi naye hapa. Tangu Ramadhani analalamika uchovu, akipanda ngazi anahema, na hedhi inamtoka nyingi. Shoga yake akampeleka kwa mtu wa tiba mbadala. Kachomwa kidole, matone yakagusishwa kwenye kioo, yakaachwa yakauke, kisha yakatazamwa kwa hadubini iliyounganishwa na skrini. Akaonyeshwa matundu meupe, akaambiwa ndiyo sumu ya utumbo na ini. Karudi na vidonge vya dola 380 na agizo la kuacha dawa ya presha ili mwili usafishike. Picha nimeiona, inatisha. Kuna mtu wa maabara humu anieleze?

Wa Maabara, Mwanza
Pole sana dada. La kwanza: dawa ya presha asiiache. Kama ameshaacha, apimwe presha leo hii na ampigie daktari wake.

Sasa hayo matundu. Damu ikitoka kidoleni huanza kuganda. Nyuzi za fibrini, protini inayogandisha damu, hujivuta, seli nyekundu hukusanyika, mapengo hubaki na majimaji. Ikikauka, pengo huonekana jeupe. Tone likiwa nene, kidole kikikandamizwa, chumba kikiwa na unyevu, au ukichelewa kidogo tu kabla ya tone linalofuata, picha hubadilika. Damu ya mtu mzima wa afya nayo hutoa matundu. Kusema eneo hili la tone ni ini na lile ni utumbo hakuna msingi wowote. Mwaka 1942 daktari mpasuaji wa Marekani, H. L. Bolen, aliandika kwamba sura ya damu iliyoganda inaweza kuashiria saratani. Hadi leo hospitali hazipimi saratani hivyo.

Linaloniuma ni kwamba damu kavu ni kitu cha maana mno. Mtoto wa mama mwenye VVU, akiwa na wiki 4 hadi 6, tunamchoma kisigino, tunajaza vile viduara kwenye karatasi maalumu, tunaianika kivulini mpaka ikauke kabisa, tunaifunga na vifuko vya kunyonya unyevu, inasafiri mpaka maabara kubwa. Kule mashine inatafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Hakuna anayekodolea macho umbo la doa. Daktari Robert Guthrie alianza kupima watoto wachanga ugonjwa wa kurithi unaodhuru ubongo kwa karatasi ya namna hiyo huko huko Marekani miaka ya 1960, na wengi wameokoka ulemavu wa akili.

Hedhi nzito na kuhema namna hiyo vinanifanya niwaze upungufu wa damu. Aombe picha kamili ya damu, yaani kipimo cha kuhesabu seli za damu, na feritini, kipimo cha akiba ya madini ya chuma mwilini.

Abuu Salim, Muscat
Mimi nilipimwa hivyo, nikatumia virutubisho, picha ya pili ikatoka safi kabisa.

Wa Maabara, Mwanza
Ndugu Abuu, aliyegusisha matone mara ya pili ni yule yule aliyekuuzia, na alijua umetumia. Angepewa vioo visivyo na majina, vyako vya kabla na vya baada vikiwa vimechanganywa, avitenganishe. Hapo ningemsikiliza.

Mama Zuhura, Houston
Ahsante sana kaka. Dawa ya presha kairudia jana baada ya kuongea na nesi wa daktari wake. Kipimo ni Alhamisi. Hizo chupa aende nazo?

Wa Maabara, Mwanza
Aende nazo zote, hata alizokwisha kumaliza. Baadhi ya mitishamba hupandisha presha au hugombana na dawa, na daktari anahitaji kusoma lebo mwenyewe.