Toleo jipya la D&D (2024): tununue ama tukae na kile kitabu cha 2014?

mwana_nyalenda (Kisumu)

Wadau habari za jioni, nimekuja na kesi. Tuko watu watano tunacheza D&D (Dungeons and Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu) kila Jumamosi huku Nyalenda kwa nyumba ya DM wetu, yule anayeendesha hadithi na kuamua sheria, kampeni (yaani hadithi) ni moja tangu mwaka jana, na kitabu tulicho nacho ni kimoja tu, kile cha wachezaji cha 2014. Mgongo wake ulishatoka nikampelekea fundi wa viatu pale Kondele akakishona na ule uzi wake mnene wa nta, sasa hakifunguki vizuri ukifika kwa speli (zile kurasa za uchawi) lakini kurasa zote ziko.

Juzi ndio moto umewaka. Kleriki wetu (jamaa anayecheza padri mponyaji) amebaki na HP 3, yaani alama za uhai, goblini wawili wako mbele yake, akasema nakunywa dawa kwa bonasi aksheni (kile kitendo kidogo cha ziada kwa zamu) halafu nagonga na rungu. DM akamwambia zii, kunywa dawa ni aksheni nzima, chagua moja. Jamaa akatoa simu akaonyesha, na kweli imeandikwa bonasi aksheni, kumbe yeye anasoma sheria za 2024 na sisi wengine wote tuko za 2014. Kelele nusu saa, chapo zikapoa. Mwishowe akanywa dawa kwa hasira bila kugonga, goblini wakamwangusha hapo hapo, na sevu za kifo (dadu za kuona kama utapona) akakosa tatu mfululizo. Mpaka leo hatuongeleshi, na shida ni kwamba yeye na DM ni mabinamu kwa hivyo imefika mpaka nyumbani kwao.

Sasa wengine wanasema tuchange tununue toleo jipya. Nimeona kila kitabu ni dola 49.99 na viko vitatu, yaani ni kama shilingi elfu 19 hivi kabla usafiri na ushuru. Inafaa ama tunaibiwa?

Nax_dadu (Nakuru)

Omera pole kwa msiba 😂

Usinunue kitu kwanza. Sheria za msingi za 2024 ziko bure kwa intaneti, zinaitwa SRD 5.2, zilitoka Aprili 2025 chini ya leseni ya Creative Commons, maana yake unadownlodi, unaprinti, unagawia watu na hakuna mtu atakuuliza. Ndani kuna klasi (aina za wahusika) zote 12, ingawa kila moja imepewa njia moja tu ya kufuata, na kuna majini na wanyama wa kutosha kukuua mpaka mwaka uishe. Sisi tulienda saiba tukaprinti zile kurasa za klasi na za speli peke yake, nyuma na mbele, nyeusi na nyeupe, tukaweka spaira. Stima ikipotea tunasoma na tochi ya simu, kitu huwezi fanya vizuri ukiwa na pdf na chaji asilimia 6.

Lakini hiyo si shida yenu. Shida yenu ni meza moja kuwa na sheria mbili. Yaani hapo hakuna aliyekosea, binamu alisoma vizuri na DM alisoma vizuri. Na dawa ni kitu kidogo, ngoja mtu aje na Cure Wounds, ile speli ya kuponya, ya 2024 inayorusha d8 (dadu ya pande nane) mbili na mwingine ako na ile ya zamani ya d8 moja, hapo mtapigana na viti. Kubalianeni kabla ya kurusha dadu ya kwanza, muandike kwa karatasi mbandike ukutani.

mzee_wa_tatu_nukta_tano (Bungoma)

Hawa watu wanaotoa huu mchezo ni biashara tu vijana. Mimi nililetewa vile vya toleo la tatu na mjomba kutoka Marekani, vilitoka 2000, nikavisoma mpaka nikavimeza, 2003 wakaleta 3.5 wakisema wamerekebisha. Miaka mitatu! Halafu 2008 wakaleta la nne ambalo lilifanya watu wengi wahame kabisa, 2014 wakarudi wakituomba msamaha na la tano, na sasa hili la 2024 hata wameogopa kuliita la sita. Mchezo wenyewe ni wa 1974, Gygax na Arneson walianza na vijitabu vitatu vidogo ndani ya boksi, na watu walicheza usiku kucha.

Mimi bado niko 3.5. Dadu yangu ya 20 ilipotea nikakata vikaratasi ishirini nikaandika namba nikatia kwa kopo la Blue Band, unatikisa unachomoa moja unarudisha. Hesabu ni ile ile na goblini anakufa vile vile.

mulembe_dm (Kakamega)

Mzee heshima yako lakini hapo kwa "biashara tu" nakukatalia kidogo. Mimi nilinunua cha wachezaji peke yake, nikatuma pesa kwa dada yangu alikuwa anarudi akakibeba kwa mkoba, ndio maana sikulia na ushuru. Ni kurasa 384, cha zamani kilikuwa 320, na kimepangwa vizuri sana, mtu mgeni anaanza kwa jinsi ya kucheza badala ya kuanza kwa kutengeneza mhusika asiyejua atamfanyia nini.

Chenye kilinifurahisha ni fayta, yule mpiganaji wa silaha. Zamani msichana mmoja kwa meza yangu alikuwa akicheza fayta na kila zamu ni "nagonga", anangoja, "nagonga tena", anaangalia simu. Sasa kila silaha ina ujanja wake. Ukiwa na upanga mkubwa hata ukikosa adui anaumia kidogo, ukiwa na fimbo ya kawaida unaweza kumwangusha chini asiposhinda sevu (dadu yake ya kujikinga). Siku ya kwanza aliangusha jitu kwa daraja, wenzake wakalirukia kama watoto wamepata kuku wa Krismasi, na tangu hapo simu inakaa kwa mkoba. Tena ile habari ya kwamba ukiwa wa kabila la "elf" lazima uwe mwepesi na ukiwa wa "orc" uwe na nguvu imeondolewa, alama za kuongeza zinatoka kwa maisha uliyoishi kabla, kama ulikuwa askari ama msomi.

Kibaya? Paladini, yule shujaa mtakatifu, wamemfunga breki. Zamani ukigonga unamwaga nguvu zote, ukigonga tena unamwaga tena. Sasa ile smaiti (hilo pigo la kumwaga nguvu) ni speli na inakula bonasi aksheni, mara moja kwa zamu basi. Mchezaji wangu wa paladini alinuna wiki mbili.

Kwa hivyo mwana_nyalenda, mkiwa na pesa nunueni kimoja, cha wachezaji. Cha DM na cha majini vinaweza kungoja. Na hadithi zenu za zamani msitupe, zinachezeka na sheria mpya, mimi ninaendesha ya 2016 bila shida, nabadilisha tu takwimu za majini pale zinapobana.

chai_na_dadu (Kisumu)

Ama mhamie Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, sheria zote ziko bure kwa tovuti ya Archives of Nethys na hakuna mtu anakuficha kitu.

Nax_dadu (Nakuru)

@chai_na_dadu wewe kila wakati na Pathfinder yako. Mtu amekuja na shida ya dawa moja unampeleka kwa mchezo wenye aksheni tatu kila zamu, si mabinamu watauana.

mwana_nyalenda (Kisumu)

Asanteni sana wote, nimemsomea DM hii yote kwa simu. Amekubali tuhamie za 2024 kuanzia Jumamosi kwa ile ya bure, mimi ndio nitaenda kuprinti, kila mtu anatoa mia. Na kwa kleriki tumeamua turudishe nyuma ile zamu moja, akunywe dawa kwa bonasi aksheni kisha agonge na rungu lake, dadu ziamue tena. DM amesema ndio lakini hao goblini nao watatumia sheria mpya. Sijamwambia binamu hiyo sehemu.

@mulembe_dm dada yako anarudi lini tena?