MREJESHO: Datsun 240Z ya Safari Rally 1971 imekamilika

Wakuu, habari zenu. Niliuliza mambo mawili kuhusu modeli yangu ya kipimo cha 1:24, ile Datsun namba 11 ya Edgar Herrmann na Hans Schüller iliyoshinda Safari mwaka 1971: nipakeje boneti nyeusi kwenye bodi nyekundu bila rangi kupenya chini ya tepu, na vumbi nilitengenezeje.

Kwenye tepu nilifuata ushauri wa kupuliza nyekundu ileile kwanza, safu nyepesi, juu ya ukingo wa tepu, ikauke, ndipo nyeusi ifuate. Kinachopenya ni nyekundu juu ya nyekundu, na upenyo chini ya tepu umeshazibwa. Mstari umenyooka hasa! Kisha klia (rangi angavu ya kukinga) ya kung'aa, stika za maji juu yake. Hakuna hata moja iliyobaki na weupe wa hewa chini.

Vumbi ndilo lililonifurahisha zaidi. Kuna aliyependekeza murram (udongo wa changarawe wa barabarani) halisi, lakini kwa kipimo hiki punje ya milimita 1 ni sawa na kokoto ya milimita 24. Nimesaga chaki laini, ya kahawia na ya machungwa, nikaichuja kwa soksi ya nailoni na kuibandika kwa klia isiyong'aa. Nimeiongeza nyuma ya magurudumu na upande wa nyuma wa gari, upepo unakozungusha vumbi. Kioo cha mbele nimekiachia nusu duara za waipa.

Asanteni sana. Inayofuata ni Peugeot 504.