Saratani ya ngozi kwa vibarua wa Kilatino: elimu ya utamaduni wao, au kofia kwanza?

Mwanzisha mada: Wachumaji wa stroberi California, wengi wenye asili ya Meksiko, hupewa mawaidha yaleyale ya Wazungu wa ufukweni: paka losheni, kaa kivulini saa sita mchana. Nasema elimu hiyo isukwe upya kwa ajili yao. Anayepinga ajitokeze.

Usalama kazini: Napinga nusu, mkuu. Anayelipwa kwa kreti hasimami kila saa mbili apake losheni. SPF, ile namba ya kinga ya jua kwenye chupa, hupimwa losheni ikipakwa miligramu 2 kwa sentimita moja ya mraba; watu hupaka robo au nusu yake, kinga inaporomoka. Tena mkono una udongo na maji ya matunda, jasho linaishusha losheni machoni, inawasha, kesho chupa haiguswi. Shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana, na kofia yenye ukingo wa sentimita 7 pande zote, havihitaji kukumbushwa. Kapelo huacha masikio na kisogo wazi, ndiyo maana wengi hufunga bandana chini yake. Nani aliwafundisha?

Mwelimishaji afya: Si ndiyo utamaduni wenyewe huo? Anzia kwenye bandana. Ila Kispania peke yake hakitoshi. Oxnard, mji wa huko California, kuna vibarua wengi wanaozungumza Kimixteko, lugha ya wenyeji asilia wa Meksiko ambayo hata wazungumzaji wake wengi hawaisomi. Kipeperushi kwao ni cha kufungia karanga. Kinachofika ni redio, na promotora, yaani mama wa mtaani kwao aliyepewa mafunzo. Halafu tusidanganye kwamba losheni inamaliza yote. Kwa watu wa ngozi ya rangi, melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari zaidi, mara nyingi hukaa nyayoni, viganjani au chini ya kucha, na huko jua si mshukiwa mkuu. Bob Marley, aliyefariki 1981, yake ilianzia kwenye kidole cha mguu. Promotora avue soksi mbele yao, aonyeshe: mstari mweusi kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, wino wake ukivuka hadi kwenye nyama ya pembeni. Huo ni wa kupeleka kliniki wiki hiyohiyo.

Usalama kazini: Hapo nimekubali. Lakini kivuli je? Sheria ya California humlazimisha mwajiri kukiweka joto likizidi nyuzi 80 za Farenheiti, kama 27 za Selsiasi; chini ya hapo, mpaka kibarua aombe. Oxnard ni pwani, kuna ubaridi na ukungu, na mionzi inapita vilevile. Nani ataomba kivuli asubuhi ya sweta?

Mwanzisha mada: Na hiyo kofia, ananunua nani?