Siku 21 za panchakarma Kerala: wameniambia niache dawa za presha

maua_ya_jioni

Habarini wapendwa. Nina miaka 52. Presha ninayo tangu mwaka 2016, nameza vidonge viwili kila asubuhi, kimoja ni cha kukojoza. Mwaka huu goti la kulia nalo limekakamaa, nikikaa kwa muda siwezi kusimama bila kushika kitu, na usingizi umeniruka.

Binti wa dada yangu kanitafutia kituo cha Ayurveda, ile tiba ya asili ya Wahindi, huko Kerala, India. Wanaita panchakarma, siku 21, wanasema ni kusafisha mwili na kutoa sumu zote. Kwenye picha naona watu wamelala, wanamiminiwa mafuta ya uvuguvugu kwenye paji la uso, wametulia tuli. Nikavutika. Lakini juzi mratibu wa kituo akaniandikia kwamba nikifika nitaacha dawa zote za hospitali "ili mwili usafishike vizuri." Tangu hapo moyo hautulii.

Waliokwenda, naomba mniambie ukweli. Siku 21 zote hizo hufanywa nini hasa? Inauma? Na hili la kuacha dawa ni desturi ya kila mahali? Fedha hizi nimezichanga miaka mitatu. Sitaki nitoke nyumbani nikiwa na goti bovu nirudi na jambo kubwa zaidi.

cherehani_ya_bibi

Dada, pole na goti. Nianze na hilo linalokusumbua moyo: usiache dawa ya presha kwa neno la mratibu. Mratibu anapanga vyumba na teksi, hajakupima. Mimi nina pumu. Daktari aliyenipokea Kerala alinikalisha karibu saa nzima, akashika mapigo ya mkono, akatazama ulimi, akauliza choo, usingizi, hedhi, hata kama napenda kunywa maji ya moto au baridi. Kisha akaandika dawa zangu za pumu juu kabisa ya faili kwa kalamu nyekundu, akaniambia hizi haziguswi. Ndivyo anavyofanya daktari anayeijua kazi yake.

Nilikwenda mwezi wa Januari, miaka miwili iliyopita. Nashona, na miaka 20 ya kuinamia cherehani ilikuwa imenikaza shingo na mabega hadi mkono wa kulia unakufa ganzi usiku. Mahali pa kwanza nilipolipia palikuwa ufukweni, pazuri pa kupigia picha. Nilipofika, hakuna daktari. Yupo kijana mmoja wa kukanda, na karatasi yenye bei. Nililala usiku mmoja nikahama, na malipo ya awali sikurudishiwa hadi leo. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Hayo uliyoyaona pichani ni shirodhara. Ni tamu kweli, nililala fofofo mara zote tatu, lakini si panchakarma yenyewe. Panchakarma ni "kazi tano": kutapishwa, kuharishwa, kuingizwa dawa kwa njia ya haja kubwa, dawa ya puani, na kutolewa damu. Wengine hawaihesabu damu, wanaigawa ile ya haja kubwa kuwa mbili, ya mafuta na ya maji ya dawa. Si lazima mtu afanyiwe zote. Daktari anachagua kulingana na mwili wako, na mimi nilifanyiwa tatu, sikutapishwa wala kutolewa damu.

Siku tatu za mwanzo ni mafuta tu na chakula chepesi. Siku ya nne ndipo samli ilipoanza. Saa kumi na mbili asubuhi nesi anakuja na kikombe cha chuma, ndani yake samli iliyopikwa na majani machungu, ya moto, rangi yake kijani iliyokolea. Siku ya kwanza mililita 30, halafu inapanda kila siku, na siku ya tano zilikuwa mililita 150. Unameza kwa mkupuo, unafuatisha maji ya moto, basi. Huli mpaka njaa ije yenyewe, na hulali mchana hata macho yakiwa mazito namna gani. Siku ile ya tano njaa ilinijia saa tisa alasiri. Nilipitisha kidole juu ya mkono nikaona kinateleza kana kwamba nimejipaka kitu, na nikisikia harufu ya samli tu roho inakataa. Daktari alifurahi, kwani hizo ndizo dalili alizokuwa akizisubiri.

Baada ya hapo nikakandwa na kutiwa mvuke ili nitoke jasho, ndipo nikapewa cha kuharisha, kitu cheusi kitamu kizito kama asali. Haiumi, dada, lakini inachosha. Nilikwenda chooni mara 11. Nesi aliandika kila safari kwenye kadi, akapima presha, akaniletea maji ya moto, na alikuwa amekataza nisifunge mlango kwa ndani. Jioni nikapewa uji wa mchele mwepesi kama maji. Kesho yake mzito kidogo, kesho kutwa na choroko. Wanapandisha chakula hatua kwa hatua kwa sababu tumbo limekuwa changa. Mwenzangu wa chumba cha jirani alitoroka akala kuku wa kukaanga siku ya pili, akaumwa tumbo usiku kucha.

Sasa kilichonisaidia mabega, kwa imani yangu, ni njavarakizhi. Kuna mchele mwekundu wa Kerala uitwao njavara, unakomaa kwa takriban siku 60. Wanaupika kwa maziwa na maji ya mizizi ya dawa hadi uwe rojo nzito, wanaufunga vitambaani. Unalala juu ya meza ndefu ya mbao yenye kingo, wanawake wawili wanasimama, mmoja kila upande, wanakusugua kwa mafundo hayo ya moto, mikono yao ikienda sambamba kutoka bega hadi kifundo cha mguu. (Wanawake huhudumiwa na wanawake, wanaume na wanaume, usiwe na shaka.) Fundo likipoa linachovywa tena chunguni. Mimi ni mtu wa vitambaa, niliwaomba wanionyeshe ufungaji: pembe nne zinakunjwa kuelekea ndani, shingo inazungushwa kamba mpaka inabaki kama mpini, na rojo inachuja kidogo kidogo bila punje kutoka. Ni kazi ya watu waliofundishwa ikawaingia mikononi.

Matokeo? Ganzi ya mkono iliondoka wiki ya pili, na usingizi ukarudi. Nilipungua kilo nne, na tatu kati ya hizo zilirejea ndani ya mwezi, kwa hiyo yalikuwa maji na tumbo tupu. Mabega yameanza kukaza tena maana cherehani ipo pale pale, ila mkono haujafa ganzi hadi leo. Kuhusu sumu, nilimuuliza daktari ni sumu gani iliyotoka. Akasema neno lao ni *ama*, chakula ambacho hakikusagika kikabaki mwilini, na kwamba hiyo ni njia yao ya kuuelewa mwili, nisitegemee kipimo cha damu kinionyeshe imetoka kiasi gani. Nilimheshimu sana kwa jibu hilo. Anayekuahidi kutoa sumu "zote" anauza.

Omba kuongea na daktari kabla hujalipa. Awe na BAMS, yaani shahada ya udaktari wa Ayurveda, ambayo husomewa miaka mitano na nusu ukihesabu mwaka wa mazoezi, na akupe namba yake ya usajili. Uliza kama kituo kina ithibati ya NABH, bodi ya India inayokagua ubora wa hospitali. Kama unataka hospitali ya zamani ipo Arya Vaidya Sala ya Kottakkal, imeanzishwa mwaka 1902, ila waandikie mapema sana.

mizani_ya_dawa

Mimi ni mfamasia, naongeza lile linalohusu vidonge vyako, bi mkubwa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Kidonge cha kukojoza kinatoa maji na chumvi kupitia mkojo, na kuharishwa kunatoa maji na chumvi kupitia tumbo. Vikikutana siku moja, presha inaweza kushuka ghafla ukasimama ukaanguka, potasiamu ikapungua moyo ukapiga ovyo, na figo zikapata shida. Kwa hiyo mratibu wako amegusa jambo la kweli kwa njia mbaya. Huenda kidonge hicho kimoja kikahitaji kusimamishwa siku ya kuharisha. Wa kuamua ni daktari wako wa presha, akuandikie barua yenye majina ya dawa na kipimo cha karibuni cha figo, na daktari wa Kerala aisome. Kile kidonge cha pili sijui ni kipi. Kama ni cha kundi la beta bloka, dawa zinazopunguza kasi ya moyo, kukikata ghafla ni hatari, mapigo na presha hupanda kwa kishindo.

Jambo la pili ni dawa za kunywa watakazokupa ubebe. Ayurveda ina tawi la dawa zinazotengenezwa kwa madini kwa makusudi, zikiwemo zenye zebaki. Mwaka 2008 watafiti huko Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwa intaneti, na karibu moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au arseniki. Zile za madini zilikuwa na tatizo hilo mara mbili zaidi ya zile za mimea. Waambie wazi: nataka za mimea tu, na orodha ya kilichomo iandikwe. Na kwenye orodha hiyo tafuta yashtimadhu, yaani urukususu. Ukitumiwa mfululizo unapandisha presha na kushusha potasiamu, nawe hupaswi kuunywa.

Ini na figo zako zinasafisha damu kila saa bila kulipwa. Sikukatazi kwenda. Goti lililokandwa vizuri wiki mbili, chakula chepesi, usingizi wa mapema, hayo yana faida ninayoiona kwa macho yangu kwa wateja wangu. Ila usikubali figo ziumizwe kwa jina la kuzisafisha.

baba_wawili

Nilimpeleka mke wangu. Mambo matatu ya njiani, haraka haraka.

Viza: tangu mwaka 2023 India ina viza yake ya Ayush kwa wanaokwenda kutibiwa kwa tiba zao za asili. Sisi tulitumia ile viza ya matibabu inayoombwa mtandaoni, ya siku 60. Kituo kinakuandikia barua ya mwaliko. Usiende kwa viza ya utalii eti kwa sababu tu fomu yake ni fupi.

Homa ya manjano: ukitokea au ukipitia nchi iliyo kwenye orodha yao, kadi ya njano iwe mkononi, na sindano iwe imepigwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Bila kadi wanaweza kukuweka karantini hadi siku sita, na siku hizo ni zako zinaliwa.

Msimu: wenyeji wenyewe hutibiwa wakati wa mvua, hasa mwezi wao wa Karkidakam, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti. Wanasema hewa ya baridi na unyevu huufungua mwili. Ni kweli vituo huwa na nafasi zaidi, lakini nguo hazikauki na barabara hujaa maji. Mke wangu alipenda mvua ile, mimi sikuipenda.

Tena, wengi wetu tulianza kuijua Kerala kwa habari za marehemu Raila Odinga, binti yake alipotibiwa macho katika hospitali ya mji wa Koothattukulam, na yeye mwenyewe akaja kufariki katika mji huo huo tarehe 15 Oktoba 2025. Mungu amrehemu. Ile ni hospitali ya macho, dada, usiichanganye na hivi vituo vya siku 21. Ila popote utakapokwenda, uliza hospitali ya kawaida yenye chumba cha dharura iko umbali gani, na usiku nani ana gari.

maua_ya_jioni

Nawashukuru nyote, nimesoma mara mbili na nimechapisha karatasi.

Nimewaandikia kituo, nikasema sitaongea tena na mratibu, nataka daktari. Wamekaa kimya siku nne, kisha daktari mwenyewe, mama mmoja, akanipigia kwa video. Nilimsomea majina ya vidonge. Akasema kwa presha yangu na umri wangu hataniharisha wala kuninywesha samli nyingi, goti halihitaji hayo. Anapendekeza siku 14 za mafuta na mafundo ya moto, na vidonge vyangu niendelee navyo kama kawaida. Anaitaka ile barua ya daktari wangu kabla hajaniandikia ya mwaliko. Gharama imeshuka kwa theluthi moja, na ni yeye aliyeishusha. Kesho nakwenda kliniki kuomba barua.

Cherehani, swali moja la mwisho: nibebe nguo gani?

cherehani_ya_bibi

Huyo mama mshike, dada.

Nguo za pamba zilizochakaa, zenye kufunguka mbele, za rangi ya kiza. Mafuta yale ni ya ufuta yaliyopikwa na mizizi na hayatoki, hata uchemshe. Madera manne yanatosha. Usibebe sidiria mpya. Mafuta mwilini watakutoa kwa unga wa choroko badala ya sabuni, unakausha ngozi lakini unaondoa vizuri. Kichwani, ukishaoga, watakusugua unga wa kahawia utosini ili usishikwe na mafua, uache hapo hapo usiupanguse. Nywele zisuke mabutu kabla ya kuondoka ili mafuta yafike kwenye ngozi, na mto wa kulalia utandike taulo lako mwenyewe la zamani. Ndala ziwe za kushika chini, maana ukishuka kwenye ile meza ya mbao nyayo zimejaa mafuta na sakafu ni ya vigae. Subiri wakushike mikono miwili ndipo ushushe lile goti.